Kipepeo Asiye na Sumu

Waliponipigia simu kuniambia kwamba Anti Rukia ametangulia mbele ya haki, nilikuwa nachambua mchele, na niliuchambua wote mpaka mwisho kabla sijainuka. Msinione sina moyo. Kwa umri wangu huu nimekwisha kujua kwamba habari ya kifo haikimbii. Itakukuta ulipo, ukitaka ulie, ukitaka upike. Nilifika Kampala kwa basi kutoka Mombasa nikiwa nimeyakosa mazishi, maana sisi maiti hatumweki, nikaingia katika nyumba ileile ya Old Kampala, nikapanda ngazi zilezile za mbao zinazolia kila unapokanyaga, nikapita kwenye ule ukumbi mwembamba unaonuka mkaa. Nasra, bintiye Anti, ambaye nilimwacha mtoto wa kubebwa na leo ana mvi nyingi kuliko mimi, alinikumbatia, akalia kidogo begani mwangu, kisha akanipeleka chumba cha nyuma nikapumzike. Hakujua ananipeleka wapi. Kwake hicho ni chumba cha wageni. Kwangu ni chumba cha vipepeo. Nililala humo mwaka mmoja nilipokuwa na miaka kumi na saba, na tangu nilipoondoka sikuwahi kulala humo tena.

Kwa nini nilikuwa kwa mjomba na si kwetu, hilo halina faida hapa. Nilikuwa kwa mjomba, basi. Mjomba Rashidi, mumewe Anti Rukia, alikuwa mwalimu wa bayolojia katika shule ambayo ilikuwa ikifunguliwa wiki hii na kufungwa wiki ijayo, kutegemea risasi zinalilia upande gani, na mshahara wake ulikuwa kama mvua ya kiangazi. Kwa hiyo alikamata vipepeo. Aliwakamata msituni, akawakunjia ndani ya vipande vya gazeti vya pembe tatu, akawapanga kwenye boksi la bati pamoja na vile vidonge vyeupe vinavyofukuza wadudu nguoni, na mtu mmoja alikuwa akiwapeleka Nairobi, na kutoka hapo wakienda kwa Wazungu wanaowatundika ukutani. Wengine aliwafuga mwenyewe, humo chumbani nilimolala mimi. Upande mmoja kitanda changu, upande wa pili cherehani ya Anti Rukia, na katikati yetu masanduku ya mbao yaliyozibwa kwa chandarua, na ndani yake viwavi wakila mchana kutwa. Ukinyamaza ulikuwa ukiwasikia. Ni mlio mdogo, kama mtu anatafuna kitu kavu chumba cha pili, na mpaka leo nikisikia mtu anakula bisi siwezi kukaa karibu naye.

Alikuwa nao wa kila namna, lakini mmoja alimpenda kuliko wote, akamwita mwigaji. Ngoja niwaeleze habari zake kama alivyonieleza yeye, maana bila hizo hamtaelewa kitu. Mama yake hutaga yai moja moja kwenye majani machanga ya miti ya ukoo wa ndimu. Uani kwetu Mjomba alikuwa amepanda mche mmoja wa msituni ndani ya pipa lililotoboka, mti usiozaa chochote cha kuliwa, ukilikunja jani lake linanuka limau. Anti Rukia aliuita mti wa hasara. Kiwavi akitoka kwenye yai anafanana na mavi ya ndege, weusi na weupe umechanganyika, na ndege hawezi kula mavi yake. Akikua anakuwa kijani kama jani. Ukimgusa anatoa nyuma ya kichwa vipembe viwili vilaini vinavyonuka vibaya, na Mjomba alifurahi kila mara kana kwamba ni mwanawe amejifunza kupiga hesabu. Kisha anajifunga kwenye kijiti kwa uzi mmoja kiunoni, anakuwa kifuko cha kijani mfano wa jani lililokunjamana, na anakaa hapo bila kula mpaka siku yake ifike. Akitoka, anatoka asubuhi, mbawa zake zimesinyaa kama nguo iliyokamuliwa. Lazima apate mahali pa kuning'inia zijinyooshe. Akikosa, zinakauka zikiwa zimekunjamana na hataruka maisha yake.

Mpaka hapo ni mambo ya kawaida. Ajabu yake inakuja baadaye. Dume la kipepeo huyu ni la njano ya kupauka, lina mikia miwili kwenye mbawa, na madume yote ni sare. Jike halifanani na dume hata kidogo, na majike wenyewe hawafanani. Mama mmoja, mayai ya siku moja, na mabinti wanatoka huyu mweusi wa madoa meupe, huyu wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi, huyu na mshipi wa kahawia, na wote hawana mkia. Kila mmoja amevaa nguo ya kipepeo mwingine kabisa asiye wa ukoo wake, kipepeo mwenye sumu. Wale wenye sumu walikula majani ya sumu utotoni, ndege akimla mmoja anatapika, na hasahau. Basi mwigaji hana sumu yoyote, ni nyama tamu, lakini kwa nguo yake tu ndege anampisha. Mjomba alikuwa akituambia haya juu ya sinia la mihogo na maharage, vidole vikiwa vimesahau kula, na Anti Rukia akimsukumia chakula upande wake kama unavyomlisha mtoto.

Siku moja alisema kwamba kuna kisiwa, Madagaska, ambako kipepeo huyohuyo yupo lakini majike yake hayaigi mtu. Yana njano yao na mikia yao kama waume zao, na wanaishi. Anti Rukia, aliyekuwa akimnyonyesha Nasra, aliuliza kwa nini huko hawaigi. Mjomba akasema hajui, hakuna anayejua vizuri, labda ndege wa huko hawana ukali huo. Anti akamfuta Nasra mdomo, akasema, "Basi tuhamie huko." Tulicheka. Wallahi tulicheka sana siku ile, mpaka mpangaji wetu wa chini, Bwana Otieno, Mjaluo wa Kisumu aliyefanya kazi Port Bell kwenye meli zinazovusha mabehewa, akapiga kuta kuuliza kuna sherehe gani.

Kucheka kwetu kulikuwa na sababu. Mwaka ule huwezi kutoka mjini bila kupita vizuizi vya askari, na kila kizuizi ni bahati yako. Gogo limelazwa barabarani, vijana wa jeshi wamechoka, wengine wamelewa, na hakuna aliyelipwa. Wakikuona mnyonge wanakuvua saa, wakikuona mwoga zaidi wanakuvua viatu, na walikuwapo waliovuliwa roho. Msitu wa vipepeo ulikuwa ng'ambo ya vizuizi kadhaa. Mjomba alikuwa mtu mpole, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, sauti ya kuombea radhi hata anapokuamkia. Mara mbili alirudi bila wavu wake. Mara ya tatu alirudi damu imekauka sikioni, na mara hiyo Anti Rukia akasema imetosha.

Anti Rukia alizaliwa chini ya ukuta wa kambi ya jeshi. Mama yake aliwauzia askari mandazi na chai ya asubuhi, na yeye tangu utotoni alizijua hasira zao, mizaha yao, namna ya mkubwa kutembea na namna ya mdogo kusimama. Akachukua koti kuukuu la mitumba, zito, la rangi ya majani yaliyooza, akalikata upya kwenye cherehani yake, akalishona mabega mapana na mifuko minne ya vifungo vya shaba. Halikuwa sare, maana kuvaa sare ni kifo. Lilikuwa koti ambalo mtu wa jeshi angelivaa siku yake ya mapumziko. Akampatia buti. Kisha akaanza kumfundisha sauti. Mchana, Nasra akilala, walijifungia chumbani kwao, na kati yao na mimi kulikuwa na ubao tu, kwa hiyo niliyasikia yote huku nikiwabadilishia viwavi majani.

Sisi Kiswahili chetu ni cha nyumbani, cha mababu waliotoka pwani na biashara zao, cha shikamoo na tafadhali. Kiswahili cha barabarani Kampala ni kingine, ni cha kambini, kikavu, kimekatwakatwa, na watu wa mji wakikisikia walikuwa wakiinamisha macho. Hicho ndicho Anti alichomfundisha.

"Mkubwa yenu iko wapi?" Mjomba alikuwa akisema.

"Unasema kama unaomba chumvi," Anti alimjibu. "Sema tena. Na usiseme samahani, Rashidi. Askari haombi samahani. Askari anauliza swali kabla hajaulizwa."

Akasema tena. Akasema tena wiki nzima. Mwanzoni nilikuwa nikiziba mdomo kwa kanga nisicheke. Halafu siku moja nilisikia sauti nyuma ya ubao, nikashtuka nikaangusha jani, nikadhani askari ameingia nyumbani kwetu. Alikuwa Mjomba. Anti Rukia akasema polepole, "Hiyo. Hiyo ndiyo. Ishike hapo hapo, na siku ukiogopa, usifikiri, iachie itoke yenyewe."

Nilimsindikiza msituni mara kadhaa, kwa sababu mtu mwenye msichana wa kumbebea mfuko anaonekana mkubwa zaidi. Hilo pia lilikuwa wazo la Anti. Niliona kwa macho yangu. Tukikaribia kizuizi Mjomba alivua miwani akaitia mfukoni, kwa hiyo haoni vizuri, na kwa kuwa haoni alikuwa akimkodolea mtu macho kwa ukali bila kukusudia. Akatembea mguu mzito. Kijana mwenye bunduki akafungua mdomo, na kabla hajasema neno Mjomba akamtolea ile sauti: nyinyi nalala hapa namna gani, mkubwa yenu iko wapi, mimi iko kazi. Kijana akasimama wima. Mwingine akasogeza gogo kwa mguu. Tukapita. Mbele, barabara ilipokunja kona, Mjomba alichuchumaa nyuma ya kichaka akatapika chai yote ya asubuhi, akajifuta, akavaa miwani, akaniuliza kwa sauti yake ya siku zote kama nimechoka. Kisha tukaingia msituni, na nusu saa baadaye alikuwa akikimbia na wavu kama mtoto, akimshika kipepeo kifuani kwa vidole viwili na kumbana taratibu, kidogo tu, mpaka atulie bila kupoteza unga wa mbawa. Alikuwa akiomba radhi kila alipobana. Alisema "samahani mama" kwa jike na "samahani bwana" kwa dume, na sikumcheka, kwani huko msituni hakukuwa na mtu wa kusikia.

Mambo yalipozidi kuharibika, Bwana Otieno alipanda juu siku moja ameleta samaki wawili aina ya ngege, akakaa, akakataa chai, akasema wazi. Watu wa msituni, wale waasi wanaopigana na serikali, wamekaribia mji. Yeye anaweza kutuingiza kwenye meli ya mabehewa mpaka Kisumu, sote wanne, mradi tuje Port Bell alfajiri fulani na tusibebe vyombo. Anti Rukia alishaanza kukunja nguo za Nasra kabla hajamaliza kusema. Mjomba akasema inshallah, baada ya hawa kutoka. Alikuwa na vifuko na viwavi wengi kuliko wakati wowote, wote watoto wa jike mmoja wa rangi ya machungwa, na alitaka kujua watavaa nguo gani. Anti hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Alisema Rashidi, hawa ni wadudu. Mjomba akasema ndio, lakini ni kazi yangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na samaki mkononi, maji yakinidondokea mguuni, na nilitamani mmoja wao aseme neno la mwisho, lolote lile. Bwana Otieno aliaga.

Katika chakula cha siku ile, ndipo Mjomba alipotupa lile jambo lingine kuhusu mwigaji. Nadhani alikuwa akijaribu kuondoa kimya mezani. Mwalimu akiona aibu hufundisha. Alisema uwongo wa mwigaji unafaa tu pale ambapo wenye sumu ni wengi. Ndege lazima awe ameonja sumu kwanza ndipo aiogope nguo. Mahali ambapo wenye sumu wamekufa au wamehama, wanazaliwa ndege wasiojua kitu, na kwao yule mwigaji ni chakula tu, tena chakula kinachoonekana kutoka mbali, kwa sababu nguo yake imetengenezwa ionekane. "Ni afadhali angekuwa na rangi ya jani," alisema. Anti Rukia akaniambia nitoe vyombo.

Vita vilipofika mjini tulikaa chini ya ngazi na akina Otieno na magodoro. Siku hizo sitazieleza, zimeelezwa na wengine na mimi sikuona kitu isipokuwa giza na magoti ya watu. Ninachokumbuka ni Mjomba akipanda juu kila kukitulia kidogo, kuwapa viwavi majani kutoka ule mti wa pipani, mpaka mti ukabaki vijiti. Halafu asubuhi moja pakawa na vigelegele barabarani. Askari wa zamani walikuwa wamekimbia, wengine wametupa buti na sare kwenye mitaro, na watu wa mji walikuwa wakicheza. Kabla hajatoka nje kutazama, Anti Rukia alilivuta koti kutoka nyuma ya mlango, akalipasua kwa mkasi wake wa kushonea, akalichoma kwenye jiko kipande kwa kipande. Lilitoa moshi mzito, tukakohoa nyumba nzima. Vifungo vya shaba alivitupa chooni. Mjomba akambusu kichwani mbele yangu, jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanywa nyumba ile. Buti zilibaki. Hakuwa na viatu vingine.

Siku chache baadaye viwavi walikuwa wakifa njaa. Majani ya mti wao hayakuwapo, na Mjomba alijua kichaka kimoja cha mti uleule upande wa kwenda Kasubi, nyuma ya kiwanda cha matofali. Mji ulikuwa na furaha, maduka yalianza kufunguliwa, redio zilikuwa zikisema amani. Anti Rukia alisema nenda basi, urudi upesi, mchukue Zaituni, ndiye mimi, akushikie mfuko. Tulikwenda kwa miguu. Mjomba alikuwa amevaa shati jeupe na miwani yake, akinionyesha njiani kila kipepeo, na alikuwa na furaha, lazima niiseme hiyo furaha yake. Tulikata majani mengi. Tulikuwa tunarudi, mfuko umejaa, tulipowakuta vijana wa mtaa wameweka benchi na tairi katikati ya njia. Hawakuwa jeshi la mtu. Walikuwa watoto wa watu wa hapo, na marungu, na mmoja na panga, wakiwatafuta askari wa zamani waliojificha katika nguo za raia. Wengi wao walikuwa wamefiwa. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nimesamehe.

Walimuuliza kwa Kiganda yeye ni nani na anatoka wapi. Swali jepesi. Mjomba Rashidi alizaliwa Kampala. Kiganda alikijua kama kiganja chake, alitania kwa Kiganda, aliota kwa Kiganda. Nilimwona akivua miwani. Mkono wake ulipanda wenyewe, akaitia mfukoni, na miguu ndani ya zile buti ikajipanga.

"Nyinyi nasimama hapa namna gani?" alisema. "Mkubwa yenu iko wapi?"

Ilikuwa sauti nzuri sana. Haikuwa na kosa hata moja. Yule wa kwanza alirudi nyuma hatua kwa mazoea ya miaka, kisha nikaona akikumbuka kwamba hakuna tena wa kuogopwa. Nilipiga kelele kwa Kiganda kwamba huyu ni mwalimu, ni mwalimu wa shule, tazameni mfuko ni majani. Mjomba naye sasa alikuwa anasema kwa Kiganda, nadhani, lakini walikuwa wengi juu yake na nilichosikia ni marungu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mahindi kando ya njia alinikamata, akanizungushia kichwani upindo wa gomesi lake, lile gauni pana la wanawake wa Kiganda, akanikalia, mwili wake mzito juu yangu, akiniambia nyamaza mwanangu, nyamaza, na wewe watakuua. Alinuka moshi na mahindi mabichi. Sijui jina lake, na kila swala ninamwombea.

Habari ziliwafikia Bwana Otieno na shehe wa msikitini, wakaja kumchukua Mjomba. Waliponifikisha nyumbani Anti Rukia alikuwa amesimama juu ya ngazi na Nasra mgongoni, na aliona nyuso zetu, kwa hiyo hakukuwa na la kuambiwa. Baada ya kumzika, baada ya wanawake kuondoka, aliniita akanikalisha mbele yake. Hakuuliza nani, hakuuliza wapi.

"Alisema nini?" aliniuliza.

Nikamwambia alisema kwa Kiganda, bassebo, ndi musomesa, waungwana, mimi ni mwalimu. Nikasema aliwaambia kwa adabu sana, mara mbili, na hawakumsikiliza. Anti Rukia alinitazama machoni. Nami sikupepesa. Miaka yote hii sijautubia uwongo ule, na mbele ya Mungu nitausimamia.

"Vizuri," akasema. Na hakuuliza tena maisha yake.

Eda yake alitaka kuikaa katika chumba cha nyuma. Watu walishangaa, chumba kina wadudu, lakini hakuna anayebishana na mwanamke aliyefiwa. Nilihamia ukumbini. Yeye alikaa humo miezi minne na siku zake, katika nguo nyeupe, pamoja na masanduku ya chandarua. Majani yale tuliyoyakata yalikuja. Yule mwuza mahindi aliyaokota akayatuma na mfuko kwa mkono wa shehe. Mimi nikawalisha viwavi, na wote wakajifunga kwenye vijiti vyao kwa uzi wao mmoja, na wakaanza kutoka. Mjomba angefurahi. Walitoka weusi wa madoa meupe, na wa machungwa, na mmoja mwenye mshipi ambaye hakuwahi kumpata. Nilimwuliza Anti kama niwabane niwakunje, mtu wa Nairobi huenda akarudi. Akasema hapana. Akaniambia nifungue dirisha niwatoe madume, wale wa njano wenye mikia, wao waende. Nikawatoa. Nikauliza na hawa majike je. Akasema funga dirisha.

"Hawa wataliwa," alisema.

Walikaa naye. Walizunguka chumbani, wakajigonga kwenye kioo, wakalala juu ya pazia na juu ya cherehani na mara nyingine juu ya ushungi wake mweupe, na alikuwa akikaa kimya wasiruke. Kipepeo haishi sana. Kila asubuhi nilikuwa nafagia, na kwenye kizoleo mlikuwa na mbawa zilizochakaa, za kila nguo. Nilipoondoka mwisho wa mwaka kwa meli ya Bwana Otieno, chumba kilikuwa kimekwisha kuwa kitupu, na Anti Rukia alikuwa amerudi kushona. Watu waliniambia baadaye kwamba tangu atoke eda hakuongea Kiswahili nje ya mlango wake. Sokoni Kiganda, msikitini Kiganda, kwa wapangaji Wakenya Kiganda, na wasiomjua walidhani hajui lugha nyingine.

Ule mti wa hasara umepasua pipa na kutia mizizi uani, sasa unafika dirishani. Jana baada ya hitima niliuona kutoka kitandani kwangu, na viwavi wawili wadogo juu yake wanaofanana na mavi ya ndege. Nasra aliingia na chai, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alisema ana jambo linamsumbua. Siku za mwisho za ugonjwa mama yake alikuwa akiongea alasiri nzima, tena Kiswahili, Kiswahili ambacho Nasra hajamsikia akikitumia hata na wajukuu. Alikuwa akimfundisha mtu. Alikuwa mkali, kisha mpole, kisha anaanza upya.

"Alikuwa anasema, si hivyo, Rashidi. Hawa si wale," Nasra aliniambia. "Kwa hawa sema Kiganda. Sema kwa adabu. Hebu sema tena."

Nilishika kikombe. Nasra akaniuliza alichokuja kuniuliza.

"Kwani Baba hakujua Kiganda?"

"Alikijua," nikamwambia.